Rangi ya TX Kabla ya Giza

Jumatatu
Mwezi ni mpevu. Mbalamwezi ikiwaka hivi wavuvi wa omena hawatoki, maana taa zao hushindwa na mwanga wa juu na omena hawakusanyiki. Lori halina mzigo, na hii ndiyo nafasi ya kulipaka rangi bila kupoteza wateja. Giza likirudi, akina mama wa gatini wataanza kupiga simu.

Lori ni Isuzu TX ya zamani. Injini haina neno. Bodi ndiyo inayoliwa. Nina shilingi 15,000, na humo humo atoke fundi na vifaa.

Fundi ameanza kugonga kutu kwa nyundo ndogo. Chini ya mlango wa dereva nyundo imetoboa bati ikatokea ndani. Kwenye mkunjo wa chini wa mlango kuna vitundu vya kutolea maji, na vyote vimezibwa na matope. Maji yamekuwa yakilala humo, kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje ilikuwa bado nzima mahali hapo.

Jumanne
Tumepata kipande cha bati kutoka kwenye mlango wa lori lililokufa. Mchomeleaji alipokishika tu, stima ikapotea. Ilirudi saa kumi, pamoja na mvua. Hajachomelea.

Jumatano
Bati limechomelewa asubuhi. Kisha msasa, kutwa nzima: namba 80 penye kutu, 240 kwenye rangi kuukuu, na 400 wa maji baada ya fila kukauka. Fundi alitaka tupunguze msasa ili tununue rangi bora ya kumalizia. Nimekataa. Pesa ikiwa kidogo inafaa iishie kwenye msasa na praima nyekundu ya kuzuia kutu, kwa sababu rangi ya bei yoyote ikikalia kutu hufura na kubanduka. Magari mengi yanayong'aa stendi leo yatakuwa na malengelenge mwakani, na wenyewe watailaumu rangi.

Praima imepakwa saa tisa. Saa kumi kuku wa jirani alitembea juu ya bonneti, kutoka taa ya kushoto hadi kwenye kioo. Nyayo zake tumezisugua zilipokauka.

Ijumaa
Kitabu cha gari kinasema buluu, kwa hiyo buluu. Ukibadilisha rangi ya gari Kenya lazima uijulishe NTSA na kitabu kirekebishwe, na gharama hiyo haimo kwenye 15,000 zangu. Duka limetuchanganyia lita 4. Ndani ya duka ilikuwa buluu. Nimeweka kifuniko cha kopo kando ya mlango, kwenye jua la saa sita, ikawa kijani. Tumerudi, wakaongeza buluu, tukalipia nyongeza.

Jumatatu
Kompresa ya kukodi imefika, stima haipo. Tumetumia rola ya sponji. Rola hupoteza rangi kidogo kuliko bunduki, kwa kuwa hakuna inayopeperuka na upepo, na ukimaliza kwa ncha ya brashi alama karibu zote hulala. Mkono wa kwanza umekaa vizuri.

Jumanne
Kijana aliyetumwa tapentaini amepewa tina kali, ile ya rangi za kupuliza. Chupa zote hazina karatasi. Tumeichanganya kwenye mkono wa pili bila kujua. Tina hiyo imepenya kwenye rangi ya jana iliyokuwa haijakomaa, na bonneti nzima imejikunja makunyanzi mbele ya macho yetu. Fundi amesema, "Omera, tusiiguse." Tumeiacha. Ingekwanguliwa mbichi, ingetoka pamoja na praima.

Ijumaa
Bonneti imekwanguliwa, ikasuguliwa, ikapakwa upya. Mchoraji ameandika uzito kwenye mlango, lakini namba zimepishana: lori tupu likawa zito kuliko likiwa na mzigo. Amefuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, na sehemu hiyo haing'ai tena. Nyuma ameandika 80 KPH, sawasawa.

Mama mmoja wa gatini amepiga simu. "Jaduong', boti zinatoka. Nina magunia ya Kisii." Nimemwomba anisubiri hadi Jumatatu.

Jumapili
Giza limeingia. Tulipaka geti la nyuma jioni kwa sababu mchana kulinyesha. Saa kumi na mbili wadudu wa ziwani walipanda kutoka Ghuba la Winam, wingu refu kama moshi, likasukumwa na upepo hadi mjini. Huibuka kwa wingi mwezi unapoandama. Wanaishi majini wakiwa mabuu, kisha wanatoka wote pamoja, na maisha yao ya hewani ni mafupi. Mia kadhaa wamemalizia yao kwenye geti langu.

Fundi alichukua kitambaa. Nimemzuia, maana mdudu akipanguswa rangi ikiwa mbichi huacha mkwaruzo mweusi, lakini akikauka anatoka kwa ufagio na kubakiza mguu mmoja au miwili, ambayo msasa wa 400 huimaliza. Kwa mtu wa pwani ya ziwa anayepaka gari, ushauri wangu ni huu: paka asubuhi umande ukishakauka, uwe umeshika brashi ya mwisho kabla ya adhuhuri.

Jumatatu
Lori limepakia omena. Mama alizunguka hadi nyuma, akaona wadudu.

"Hawa nao wanaenda Kisii?"

"Wataenda, mama. Tutawasugua likirudi."

Amecheka, akaniambia milango imependeza. Imependeza kweli. Lakini kinachonifurahisha zaidi hakionekani: vitundu vyote vya chini ya milango viko wazi. Dereva amepewa msumari, aufunge kwenye kamba ya funguo, avizibue kila akiosha lori. Ameuliza kama ni lazima hata kukiwa hakuna mvua. Nimemwambia kreti za samaki aina ya mbuta, tunazopakia pia, zina barafu, na barafu haingoji mvua.