Majibu kwa Waliomwagikiwa na Kahawa

Mwulizaji wa kwanza, anayejitambulisha kuwa bwana harusi, anataka kujua namna ya kuondoa doa la kahawa chungu kwenye kanzu nyeupe ya pamba kabla ya saa ya kufunga ndoa, ila barua yake imetumia maneno mengi kumlaumu mpambe aliyeshika kikombe na maneno machache mno kulieleza doa lenyewe. Kwa bahati yake, kahawa chungu, yaani ile inayochemshwa ndani ya dele bila maziwa wala sukari, haina mafuta ya kutisha, na rangi yake ina asili mbili zinazofahamika. Asili ya kwanza ni polifenoli, kundi la kemikali za mimea lenye udugu na tanini, ambayo ndiyo iliyofanya magome ya mikoko ya pwani hii yasafirishwe ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Asili ya pili ni melanoidini, yaani dutu za rangi ya kahawia zinazozaliwa pale sukari na protini zilizomo ndani ya buni zinapokutana na moto wakati wa kukaanga. Sehemu kubwa ya rangi hiyo hukubali kuondoka na maji ikiwa haijakauka, lakini ikiachwa hushikana na nyuzi za pamba, na kila saa inayopita humpunguzia mwenye nguo nafasi ya kushinda.

Kwa hiyo bwana harusi anashauriwa aivue kanzu badala ya kusuguliwa akiwa ameivaa, kwa kuwa kusugua huisukuma kahawa ndani ya nyuzi na kulipanua doa, kisha agandamize kitambaa kikavu na safi juu yake, akianzia pembezoni kuelekea katikati, mpaka kitambaa kisipate tena unyevu wa kunyonya. Baada ya hapo kanzu igeuzwe, maji baridi yamiminwe kwa wingi kutokea upande wa nyuma wa doa, ili rangi irudi ilikotokea isilazimishwe kuvuka unene wote wa nguo. Kikibaki kivuli cha kahawia, kijiko kimoja cha siki katika kikombe cha maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, kitamsaidia, mradi aache mchanganyiko huo ukae kwa muda kabla ya kusuuza. Sabuni ya mche, ambayo mashangazi wa pande zote mbili watakuwa wamekwisha kuileta, iwekwe kando kwanza, kwa sababu ina ualkali, na ualkali huelekea kukoleza na kung'ang'aniza rangi za jamii ya tanini. Kuhusu mpambe, safu hii haina ushauri.

Barua ya pili imetoka kwa mama aliyepewa dawa tatu na majirani watatu, yaani chumvi, siki na magadi, akaamua kuzichanganya zote ili asimuudhi jirani yeyote. Anaeleza kwa fahari kwamba povu lilipanda hadi ukingoni mwa beseni, halafu analalamika kwamba doa halikuondoka. Maelezo yake ni mepesi kuliko mshangao wake: siki ya mezani ni maji yenye takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki, magadi ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu ambayo ni alkali, na viwili hivyo vikikutana hubatilishana nguvu, vikatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo povu lenyewe, na kuacha maji yenye asetati ya sodiamu, aina ya chumvi isiyo na ugomvi wowote na kahawa. Povu lile lina faida moja tu, nayo ni kuwaridhisha watazamaji. Siki peke yake ingefanya kazi zaidi. Chumvi ya jikoni hunyonya unyevu kidogo ikiwahiwa, na haina jingine la kujivunia. Magadi ya jiwe, ambayo ni makali kuliko ya kuokea, yangefaa yabaki kwenye chungu cha maharage.

Mume mmoja anakiri kwamba alimwaga kahawa ya maziwa kwenye kitambaa cha meza cha mama mkwe wake, akakiosha kwa maji ya moto, akakipiga pasi ili kisijulikane. Hapa hali ni nzito, kwa kuwa maziwa huongeza protini na mafuta juu ya rangi ya kahawa, na protini zikipata joto hugandia kwenye nyuzi, kwa hiyo juhudi zake zilifanya kazi ya kulihifadhi doa. Kilichobaki ni kukiloweka kitambaa hicho katika maji ya uvuguvugu mdogo yenye sabuni ya unga iliyotiwa vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazovunja mabaki ya vyakula, kisha, ikiwa kitambaa ni cha pamba nyeupe, kukijaribia kwenye pindo lililofichika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ambayo huivunja rangi kwa oksijeni badala ya kuiosha. Mama mkwe asipewe chai wakati kazi hiyo inaendelea, ili asipate sababu ya kusogea mezani.

Mwulizaji mwingine alimimina jiki na siki katika ndoo moja, na anasema machozi yalimtoka akadhani ni uchungu wa kuipoteza kanzu. Haukuwa uchungu. Jiki ni myeyusho wa hypokloriti ya sodiamu, ambayo ikikutana na asidi yoyote, iwe siki au ndimu, hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na mtu anayeipumua ndani ya bafu lisilo na dirisha anaweza kudhurika vibaya. Viwili hivyo visikutane kamwe, na jiki isiguse hariri wala sufu, kwa maana huzila nyuzi zake, hata pale hariri ilipo nakshi tu ya shingoni.

Yupo pia anayeuliza kama duara jeusi linalobaki pembezoni mwa doa ni dalili ya kijicho, kwani ameambiwa hivyo na mtu aliyemtoza fedha. Duara hilo lilielezwa mwaka 1997 katika jarida la Nature na Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, walioonyesha kwamba tone la kahawa likikauka juu ya kitu kigumu hupoteza maji kwa kasi zaidi ukingoni, na maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo yakiwa yamebeba chembe za rangi. Kwenye nguo nako maji husambaa kupitia nyuzi na kuitua rangi pale yanapokaukia, ndiyo maana anayelowesha katikati ya doa peke yake hujipatia duara jipya kubwa zaidi. Sehemu yote inayolizunguka ilowe na ikauke kwa pamoja. Fedha alizotozwa hazirudishwi kwa siki.

Mwulizaji wa mwisho aliazima kanzu, akaimwagia kahawa yenye sukari nyingi, akaifua hadi ikawa nyeupe, na sasa anauliza kama anaweza kuirudisha bila kusema neno. Anapaswa kufahamu kwamba sukari iliyosalia kwenye nyuzi haionekani mpaka ipate joto, hapo hugeuka manjano na kisha kahawia. Akinyamaza, doa hilo litajitokeza chini ya pasi ya mwenye kanzu, nyumbani kwa mwenye kanzu, na mwulizaji atakuwa na haki kamili ya kuapa kwamba siku aliyoirudisha halikuwapo.