Eti Mazabodi!

Msyuu! Watu wa kijiweni hapa Mtae, bwana! Laptopu ya mwalimu haijatua hata mezani, mmoja ameshatoa hukumu: "Hiyo mazabodi imeungua." Hajaishika, hajauliza. Anatafuna zake peasi, mgongo kaupa mteremko wa Mkomazi, anazika mashine ya mtu.

Na mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, ikishatajwa, mwalimu wa watu anaanza kupiga hesabu: nauli ya Lushoto, pengine ashuke mpaka Mombo apande basi la Dar, na huko Kariakoo fundi amwambie, "Iache, njoo Jumatano." Laptopu yenyewe ya mtumba, imetumika huko ilikotoka mpaka ikachokwa. Kabla ya yote hayo, si mtu aulizwe kwanza kama chaja inapeleka moto?

Chaja nyingi za laptopu hushusha volti 230 za ukutani hadi 19 hivi, na waya wake hukatikia ndani pale pale unapokunjwa kila siku, ilhali kwa nje unauona mzima. Ya mwalimu taa iliwaka. Haya, moto upo. Akabonyeza swichi: feni ikavuma, kioo cheusi tii. "Si niliwaambia?" akadakia yule wa peasi. Aka! Wewe unamzika mtu anayekohoa?

Kioo kikamulikwa kwa tochi ya simu. Maandishi hafifu yangeonekana, tungejua taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Hakuna kitu. Basi chaja ikachomolewa, betri ikatolewa, swichi ikabanwa kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Bado.

Hapo ndipo fundi redio wetu, mzee asiye na maneno mengi, akauliza swali ambalo sisi wote na midomo yetu hatukuliuliza: "Imefikaje huku?" Kwa bodaboda, kutoka Lukozi, ndani ya begi mgongoni, na barabara yetu mnaijua. Usiku imelala wapi? Jikoni, karibu na mafiga, baada ya kupigwa na ukungu jioni nzima. Hee, mwalimu naye! Kitu cha baridi ukikiingiza kwenye joto na mvuke wa sufuria, kinatoka jasho nje na ndani. Wa Dar tungemsamehe. Wewe wa Mtae?

Mzee akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kijibao cha RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Meno yake ya rangi ya dhahabu yamefifia, yana utando. Mashine nyingine RAM ikikaa vibaya hupiga mlio. Hii ilinuna tu. Akaomba ufutio wa penseli (kwa mwalimu utakosekana?), akayasugua taratibu pande zote mbili, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akakirudisha kwa mshazari, akakilaza mpaka vibanio vikalia tik. Betri ikarudi, swichi ikabonyezwa.

Ikawaka! Ila ikadai leo ni Januari mosi, 2009. "Kumbe Kikwete bado yuko Ikulu!" akacheka kijana wa bodaboda. Hicho ni kibetri cha duara, CR2032, cha volti 3, kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa, kimekwisha. Tarehe ukiiacha hivyo, intaneti inakugomea, maana vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe zake, na mashine itaviona bado havijaanza kazi. Airekebishe kila akiwasha, mpaka anunue kingine. Si kitu cha kumfilisi.

Akaulizwa mzee, deni lake ni shilingi ngapi. Akajibu, "Chochote, mwalimu." Na mwalimu, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa tayari kuuza magunia ya viazi apeleke pesa Kariakoo, akatoa noti ya buku mbili, akasimama pale pale anangoja chenji.