Kesi ya Chesisi Nyuma ya Jiko

Tangu Babu afariki, Land Rover yake haikugombewa na mtu. Ilikaa nyuma ya jiko, hapa Kilwa Kivinje, bila matairi. Mama alianika makopa juu ya boneti, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Amani hiyo ilivunjika baada ya tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha, Oktoba 2024. Magari ya zamani yakaanza kuulizwa, na mnunuzi mmoja kutoka huko akampigia Ami simu: hiyo yenu ni ya toleo gani, na chesisi imekaaje?

Ami, mdogo wake Baba, alijibu palepale kwamba ni 109 Series II A. Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa amekuja kunywa kahawa tu, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, usimdanganye mtoto wa watu. Hiyo ni Series III. Huoni grili ya plastiki?"

Mjomba alikuwa na hoja. II A ilianza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1961, ikiwa na grili ya wavu wa chuma. Series III iliifuata mwaka 1971, na ndiyo iliyoleta plastiki. Akaongeza kuwa taa zetu ziko kwenye madigadi, si katikati karibu na grili. Ami akamkumbusha kuwa II A za mwishomwishoni nazo taa zake zilihamia kwenye madigadi. Kisha akamfukuza kuku, akafungua mlango: saa za dashibodi zilikuwa katikati ya gari, kama II A, wakati Series III imezisogeza mbele ya dereva.

"Dashibodi hubadilishwa," akasema Mjomba.

"Na grili haibadilishwi?"

Ikabidi wapime. Shangazi ni fundi cherehani, kwa hiyo futi ya kamba ilipatikana, ingawa aliitoa kwa shingo upande. Namba 109 kwenye jina ni inchi kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, na futi ya Shangazi inaishia inchi 60, hivyo kila hatua ilitiwa alama ya chaki. Mjomba alianzia kwenye bampa akaishia mkiani, akatangaza inchi 175. Ami akamwuliza ni kiwanda gani kilichowahi kutoa Land Rover 175. Walipopima ekseli kwa ekseli, ikatoka 109 kamili. Hilo halikumaliza ubishi, maana II A inayo 109 na Series III inayo.

Ikabaki namba. Kwenye magari haya, namba ya chesisi hugongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Chetu kilikuwa kimevimba kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Chesisi ni chuma cha boksi, wazi kwa ndani. Tope na hewa ya chumvi vikiingia humo, chuma huoza kutoka ndani huku nje kikionekana kizima. Na tope gari hili lililijua: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar kulikuwa ni kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu.

Mafundi hupima chuma cha namna hiyo kwa nyundo. Kizima hulia, kibovu hudunda. Mjomba akagonga, kikalia. Akagonga tena, kikadunda. Mara ya tatu kikavuma. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya boksi la chesisi, na walitoka wote kwa pamoja kumpokea mgeni.

Mjomba alitumbukia kwenye pipa la maji ya mvua. Ami alikimbilia jikoni, akapiga teke sufuria ya pweza wa nazi, mchuzi wote ukaishia kwenye majivu. Mama hakusema neno. Alikwenda kumwita Bibi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bibi alikuja na kadi ya gari, iliyokuwa sandukuni miaka yote chini ya kanga zake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nyigu walipotulia, namba ikasuguliwa kwa ndimu na chuma cha kusugulia sufuria, ikasomwa: ilianza na 252, sawasawa na kadi. Kwa 109 za kawaida za petroli, za silinda nne, zenye usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Uingereza, 252 ni II A; Series III huanza na 912.

"Mume wangu aligonga mkorosho," akasema Bibi. "Akanunua uso mwingine. Mngeniuliza tangu asubuhi, tungekuwa tumekula."

Akahukumu papo hapo: mnunuzi aelezwe ukweli wote, na la kutu na la grili, na mashemeji wawili wanunue pweza mwingine kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo, mwenye gari kuukuu uani, anza na wazee na kadi. Kisha tafuta namba ya chesisi uilinganishe na kadi, ndipo upime ekseli. Sura ya gari iache mwisho, maana hununuliwa dukani. Na kabla ya kugonga nyundo, chungulia tundu.