Mgeni Ndani ya Laptopu: Namna ya Kumkaribisha Bila Kumfukuza Mwenyeji

Wewe uliyemwambia mteja "kwangu inafanya kazi", vuta kiti. Mteja hakununua laptopu yako. Amenunua tovuti, na tovuti hiyo itakaa kwenye seva ya Linux isiyojua kwamba uliijenga ndani ya Windows, kwenye folda inayoitwa "mpya ya mwisho kabisa 2". Windows haijali kama faili linaitwa Picha.jpg au picha.jpg. Linux inajali sana. Ndiyo maana nembo ya duka inang'aa kwako, na kwa mteja pamebaki kisanduku kitupu.

Dawa yake ni mashine pepe: kompyuta nzima ya Linux inayoishi ndani ya kompyuta yako, inayofanana na seva ambako kazi itaishia. Si uchawi wa juzi. IBM ilitangaza VM/370 kwa ajili ya mitambo yake mikubwa mwaka 1972. Laptopu yako ni mwenyeji, mashine pepe ni mgeni, na mgeni huandaliwa kabla hajabisha hodi.

Anza na BIOS. Intel ilianza kuuza prosesa zenye uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006, lakini kwenye laptopu nyingi za mtumba uwezo huo umezimwa. Zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Del kutegemea aina yake, kisha utafute VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD. Washa, hifadhi, toka. Usipofanya hivyo VirtualBox, programu itakayoendesha mashine pepe, itagoma, nawe utasakinisha Windows upya mara tatu kwa kosa ambalo Windows haikulitenda.

VirtualBox ni ya bure. Ilitoka kwa kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle. Pakua pia Ubuntu Server, toleo lile lile lililoko kwenye seva ya mteja. Faili lina zaidi ya GB 2, kwa hiyo lisubirie bando la usiku. Likishafika, linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Ubuntu, kisha uliweke kwenye flashi uwagawie wenzako. Hakuna sababu ya vijana watano wa ofisi moja kununua bando mara tano kwa faili moja.

Sasa chakula. Laptopu ina RAM ya GB 8? Mpe mgeni 2. Seva isiyo na madirisha wala mapambo inashiba hapo. Wapo wanaompa 6, halafu wanashangaa Chrome inakata roho. Kipimo cha VirtualBox kina eneo la kijani na eneo jekundu, na lile jekundu halikupakwa kwa ajili ya urembo. Diski iwe ya kukua kidogo kidogo, GB 25 zinatosha. Kumbuka tu kwamba ikishavimba, haisinyai yenyewe hata ukifuta mafaili.

Mtandao ndio unaowatoa watu machozi. Kwa kawaida VirtualBox humweka mgeni nyuma ya NAT na kumpa anwani 10.0.2.15. Yeye anaiona intaneti kupitia kwako, lakini wewe humfikii kwa anwani hiyo. Unaweza kuiandika kwenye kivinjari mpaka adhana ya alfajiri, na ukurasa hautafunguka. Elekeza poti: 8080 ya laptopu iende 80 ya mgeni, na 2222 iende 22. Kisha fungua localhost:8080, na tovuti hiyo hapo. Ukitaka mgeni awe na anwani yake, mwongezee kadi ya pili ya mtandao, ya aina ya Host-only, inayoishia kati yenu wawili. Ile ya Bridged iache kabisa ukiwa mgahawani au bwenini. Inamtoa mgeni mpaka sebuleni kwa kila aliye kwenye WiFi, naye ana hifadhidata yenye nywila 1234.

Saa ya mgeni nayo ifuate ya seva, na seva nyingi huenda kwa UTC. Agizo lililowekwa Dar es Salaam saa nane usiku, kwa UTC ni saa tano usiku wa jana. Heri uligundue hilo wewe kuliko mhasibu wa mteja.

Kabla ya kila badiliko kubwa, piga snapshoti ili uweze kurudi nyuma. Lakini snapshoti si nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ile ile, na laptopu ikiibwa kwenye daladala, zinaondoka pamoja. Msimbo upeleke kwenye Git kila jioni.

Halafu, tafadhali, usiyafanye haya yote kwa mkono kila mara. Vagrant, aliyoianzisha Mitchell Hashimoto mwaka 2010, inakuruhusu kuandika mahitaji yote ya mgeni ndani ya faili moja: RAM, poti, folda, programu. Mwenzako analichukua, anaandika vagrant up, naye anapata mashine kama yako. Atatokea mtu akwambie Docker imeyamaliza haya. Mjibu kwa upole kwamba kwenye Windows na Mac, Docker yenyewe huendesha kontena zake za Linux ndani ya mashine pepe.

Kwa hiyo leo, kabla hujamwandikia mteja, hakikisha msimbo uko Git, andika vagrant destroy, kisha vagrant up. Tovuti ikisimama tena bila wewe kugusa kitu, mtumie ankara. Isiposimama, kazi bado haijaisha.