Shajara ya Taa ya Sebuleni

Jumamosi
Nimenunua taa janja Kariakoo, wati 9, sh 30,000. Muuzaji kanihakikishia kwamba sitanyanyuka tena kwenye kochi. Kufika nyumbani, holda ya sebuleni ni ya pini, taa ni ya kuzungusha. Duka la mtaa wa pili wanauza adapta sh 2,000. Nimenyanyuka kwenye kochi.

Jumamosi, usiku
Taa imeingia, simu haiioni. Ruta inarusha mawimbi ya aina mbili kwa jina moja, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Taa inasikia ya 2.4 tu, na simu yangu imeng'ang'ania ya 5. Nimeyapa majina tofauti. Ikabaki kuisajili taa upya, na kwa hilo huzimwa na kuwashwa mara tano mfululizo, chapuchapu, mpaka ianze kupepesa. Nimekosea kuhesabu mara tatu. Jirani kapiga simu kuuliza kama tumevamiwa.

Jumapili
Inafanya kazi. Nimeiwasha nikiwa chooni. Nimeizima nikiwa chooni. Mama watoto, aliyekuwa sebuleni akichambua mchele, kaniomba nitoke chooni.

Jumatatu
Mama kaja kutoka Tanga. Kaitazama taa, kasema ingefaa iwe inawaka yenyewe saa moja, tukishaswali Magharibi. Wazo zuri. Nikaingia kwenye programu, nikaweka 1:00.

Jumanne
Saa saba usiku sebule nzima iliwaka. Mama, ambaye tulimtandikia godoro palepale, akaamka, akatia udhu, akaswali Alfajiri, akaanza kukanda unga wa chapati. Saa nane na nusu usiku tulikuwa tunakunywa chai. Ilipotoka adhana msikitini aliswali tena, bila kunitazama. Nimebadilisha, nimeandika 19:00.

Jumatano
Nimekuta taa haiitiki. Simu inasema kifaa hakipo hewani. Kumbe Mama amezima swichi ya ukutani, na swichi ikizimwa taa haina umeme wa kusikilizia chochote. Nikamwelewesha kwamba swichi iachwe imewashwa mchana na usiku, kuzima tunazimia kwenye simu.

"Kwa hiyo hata ikizimwa inakula umeme?"

"Kidogo sana, Mama."

Akaenda kuitazama mita ya LUKU. Akarudi, akazima swichi.

Alhamisi
Nimebandika selotepu juu ya swichi. Jioni sikuikuta. Mama alikuwa amesugua ukuta mzima kwa sabuni, na kusema kweli umetakata.

Ijumaa
Umeme ulikatika saa nne usiku, ukarudi saa tisa, na taa ikarudi nao, mwanga wote. Taa hizi zikikatiwa umeme hazikumbuki kwamba zililala zimezimwa. Umeme ukigusa tu zinajiona zimeitwa kazini. Pana mahali kwenye programu pa kuiambia ikumbuke ilivyokuwa. Unafungua taa, unafungua mipangilio, unateremka chini kabisa, pameandikwa kwa Kiingereza cha kiwandani. Nimepapata saa kumi kasorobo. Chapati zilikuwa tayari.

Jumamosi
Nimeazima spika ya kuamrisha taa kwa sauti. Inaelewa Kiingereza tu. Mama alikaa mbele yake muda mrefu akisubiri shikamoo. Haikutoka. Akauliza ni mtoto wa nani.

Mchana bando likaisha. Amri ya kuwasha taa iliyo hatua nne kutoka nilipokaa hutoka kwenye simu, ikaenda kwenye seva nchi nyingine, ndipo irudi sebuleni. Bila bando haiendi popote. Nilitembea hizo hatua nne, nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua kichwa.

Jumapili
Nimemsindikiza Mama stendi alfajiri. Tulitoka nyumbani sote. Yeye ndiye aliyetoka wa mwisho, alisema amesahau kanga. Mchana kapiga simu kutoka Tanga. Kafika salama, anataka kujua kama taa ya sebuleni nimeizima.

Nikafungua programu. Kifaa hakipo hewani.

"Imezimwa, Mama."

"Najua," akasema.