Sifa za Bibi Afya

Watu wa Dar es Salaam hawana shukrani. Masika yakiingia, kuta zinatoa jasho, nguo zinavunda kwenye kamba, na kila mwenye ulimi anamlaani mbu. Mimi nimeamua kumsifu. Zamani Bwana Afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akichungulia vyoo na mapipa, na watu walianza kufagia uani wakisikia tu kwamba yuko mtaa wa pili. Siku hizi kumwona ni bahati. Nafasi yake ameikalia mbu jike, ambaye haombi posho, hataki gari wala mafuta, haendi likizo, na hakusubiri barua ya ajira.

Nasema jike kwa makusudi. Mbu dume hunywa maji matamu ya maua tu, damu haijui. Jike ndiye anayeihitaji ili mayai yake yapevuke. Kwa hiyo ukaguzi wote, kama kazi nyingi za nyumbani, umewaangukia akina mama huku akina baba wakizurura mauani. Tumwite basi Bibi Afya, kwa heshima yake.

Umahiri wake uko kwenye maji. Muulize fundi aliyekuwekea gata, atakwambia liko sawa. Bibi Afya anajua haliko sawa: majani ya mwembe yameziba kona, maji yamesimama, naye ameshataga. Anajua lile tairi la nyuma ya banda, kifuu cha nazi, ndoo iliyopasuka mdomo ambayo umeiweka ukidhani itafaa siku moja, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, na trei ya nyuma ya friji ambayo mwenye friji hajui hata kama ipo. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi. Ukimwaga maji yote mara moja kwa wiki, umemwangusha kabla hajapata mbawa. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi, lazima usugue chombo. Mayai ya Aedes, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hunata ukutani mwa ndoo na kuvumilia ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Subira ya namna hiyo sijaiona kwa binadamu, isipokuwa labda kwa mwenye kesi ya kiwanja.

Ndugu yake Culex, anayetuimbia masikioni usiku, hachagui makao. Maji ya karo, ya mtaro, ya shimo la choo, yote kwake ni marashi. Huko Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 ikielekea mwisho, wataalamu waliokuwa wakipambana na matende walimwaga mashimoni punje nyeupe za plastiki, za aina ileile inayofungashiwa televisheni. Punje zikaelea, zikafunika maji, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Mbu wakapungua sana. Katika ukoo wa Culex nadhani msiba ule unasimuliwa hadi leo.

Sifa nyingine ya Bibi Afya ni kwamba hahongeki. Masaki anauma, Tandale anauma. Hatafuti sura wala cheo. Anafuata pumzi unayoitoa, joto la mwili, jasho na harufu ya miguu. Kule Ifakara watafiti walijaribu hata kumnasa kwa harufu ya soksi zilizovaliwa, naye akaja. Utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mbu wa malaria huvutiwa zaidi na mtu aliyekunywa bia ya kienyeji kuliko aliyekunywa maji. Anakagua mpaka ulevi. Wanywaji wa bia ya chupa wasishangilie mapema.

Na anafanya kazi kwa zamu. Aedes anashika mchana, hasa asubuhi na jioni jua likielekea kuzama. Anopheles, yule mbu wa malaria, anashika usiku, wakati wenye nyumba wamelala na hawana la kuficha. Ndiyo maana homa ya dengi, iliyotutesa jijini mwaka 2014 na tena 2019, haikuzuiwa na vyandarua peke yake: aliyeileta alikuwa ameshamaliza kazi kabla kitanda hakijatandikwa. Kuhusu yanayofuata baada ya Anopheles kuondoka, msifiaji mwenye akili hupita haraka. Wodi za watoto zinayajua. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alimpasua mbu akakuta vimelea vya malaria tumboni. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Mbu hakupewa chochote.

Vifaa vyetu navyo anavikagua kwa makini. Chandarua chenye tundu la kupitisha kidole anakihesabu kuwa mlango, na kile ambacho hakikuchomekwa chini ya godoro ni baraza. Chandarua kilichogeuzwa uzio wa mchicha anakipa alama zote. Mianya kati ya ukuta na paa, tuliyoiacha ili hewa ipite, ndiyo njia kuu ya Anopheles. Wavu ungeiziba na hewa ingeendelea kupita. Feni anaiogopa kweli, maana si mrukaji hodari, na upepo unampotezea harufu yako. Lakini yeye na shirika la umeme wanaelewana. Moshi wa kivumbasi au makumbi ya nazi humsogeza mpaka kwa jirani kwa muda. Dawa ya kuchoma humfukuza pia, ila anayelala nayo chumbani madirisha yamefungwa amebadilisha kuumwa kwa kukohoa. Mafuta ya kujipaka yenye DEET hayapendi kabisa, wala mikono mirefu saa za magharibi. Raketi ya umeme sitaihesabu kuwa kinga. Ni mchezo, na wanaoshinda ni watoto.

Lakini kubwa kuliko yote, Bibi Afya ameturudishia ujirani. Nyuma yetu kuna boma lisiloezekwa, na shimo lake la karo lilichimbwa likaachwa wazi. Masika likajaa. Msimamizi wake hatukuwahi hata kusalimiana naye, mpaka mbu walipotukutanisha mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki saa kumi na mbili jioni, kila mtu akijipiga makofi miguuni. Nilieleza habari za shimo, siku 7 hadi 14, mfuniko, hata dawa ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mbu hao ni wetu, na ushahidi anao: kila asubuhi anawaona wakitokea upande wetu wakiwa wameshiba.

Mjumbe, akijikuna shingo, aliahirisha kikao mpaka mvua zikatike.