Mtambo Ule Si wa Gongo

Shangazi, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Na ninyi wengine mtakaosomewa barua hii kwa sauti kutoka kwenye simu ya Mjomba, kamwene.

Nimesikia ile picha ya jikoni kwetu imezunguka ukoo mzima mpaka Mafinga, na kwamba kikao kimekaa kujadili kama mimi na mke wangu tumeanza kupika gongo Ulaya. Nimesikia pia kuna aliyeanza kufunga kwa ajili yetu. Basi nikaifungua picha yenyewe nikaitazama upya, kwa jicho la mtu aliyeko Iringa. Kusema kweli, ningekuwa mimi mwenyekiti wa kitongoji, ningekuwa nimeshatuma mgambo.

Sasa tulieni niwaeleze. Ule mtambo ni sufuria tatu zilizopandana. Ya chini ina maji yanayochemka. Ya kati ina tundu lililoinuka katikati yake, mvuke unapenya hapo kwenda juu. Ya juu imetobolewa vitundu chini, na ndani yake kuna matunda, kilo kadhaa, pamoja na sukari. Mvuke unayalainisha mpaka yanakata tamaa, yanatoa maji yake, maji yanashuka kwenye sufuria ya kati, na kutoka hapo, najua ndipo mlipoguna, kuna mpira. Mpira mwembamba wenye kibanio. Unaachia kibanio, kinachotoka kinaingia kwenye chupa kikiwa cha moto, unaziba haraka, unapeleka ghalani. Kwa hiyo kweli moto upo, mvuke upo, mpira upo, na chupa zimepangwa mstari. Kilichokosekana ni mlevi tu, naye nadhani mlimwona pembeni mwa picha amevaa kaptula.

Lakini kinachotoka ni juisi! Juisi ya matunda madogo meusi ya bustanini, ambayo wenyeji hapa Finland huyaita mustaherukka, makali kidogo, yanayosifiwa sana kwa mafua. Mtambo tumeazimwa na bibi jirani, mcha Mungu ambaye hata bia hagusi. Na huku nako kuchemsha pombe kali nyumbani ni kosa la jinai, kwa hiyo ninyi mliowaza mabaya, mliwaza kisheria. Mimi mwenyewe siku ya kwanza maji yalipoanza kudondoka nilijikuta nimeshavuta pazia. Damu haipotei.

Sasa kuna jambo ambalo Mjomba hataliamini, yeye aliyekaa baraza la ardhi miaka yote kwa sababu ya mpaka wa hatua mbili. Huku msitu ni wa mtu, una hati, una mipaka iliyopimwa, na mwenyewe yupo hai. Ila beri na uyoga wa porini vinavyoota humo ni ruhusa ya kila apitaye. Unaingia na ndoo yako bila kubisha hodi, unachuma mpaka jioni, mwenye msitu akikukuta anakusalimia. Ukienda kuuza ulichochuma, hata kodi hudaiwi. Usipite tu uani kwa watu wala kukanyaga mashamba yao. Robo tatu ya nchi hii ni misitu, fikirieni ukubwa wa hiyo ndoo.

Ila msishangilie. Ruhusa hiyo hiyo imekataza kubeba mti ulioanguka. Mti umeng'oka wenyewe kwa upepo, umekauka, umelala pale mwaka wa tatu, hakuna anayeuangalia: ni wa mwenye msitu, usiuguse. Na mnamjua mke wangu, mtoto wa Kilolo, aliyeanza kubeba mzigo wa kuni kabla hajajua kusoma. Mimi namtazama tu. Anaruka gogo kavu zuri, anasimama, anageuka, analipima urefu kwa macho, anaguna. Hatua kumi mbele, gogo jingine. Tukifika nyumbani, ndoo zimejaa beri, lakini yeye anasimulia kuni tulizoacha.

Lipo pia beri la rangi ya chungwa liotalo kwenye vinamasi, lakka, ambalo ni ghali sana. Sheria inamruhusu kila mtu kulichuma. Ndiyo maana hakuna mtu anayesema linaota wapi. Mzee jirani ametupa mbegu za viazi, ametukopesha toroli, ametuingiza mpaka kwenye sauna yake tukakaa uchi kwa heshima zote (hilo Shangazi msimsomee). Ukimuuliza lakka anachuma upande gani, masikio yanaziba hapo hapo.

Uyoga nao. Nyumbani nilijisifu sana kwamba naujua, na huku nimeendelea kujisifu, maana hakuna shahidi. Mwezi wa tano mzee akatuletea kikapu cha uyoga wa kahawia uliojikunja vibaya, uitwao korvasieni, akasema ndio mtamu kuliko wote. Halafu akatoa masharti. Ukiwa mbichi ni sumu. Sehemu moja ya uyoga, sehemu tatu za maji, chemsha dakika tano, mwaga, suuza. Maji mapya, dakika tano tena, mwaga, suuza. Madirisha wazi muda wote, kwa sababu hata mvuke wake una sumu. Mjamzito asile, mtoto asile. Na si maneno ya mzee tu: dukani unauzwa kihalali, na muuzaji analazimika kukupa maelezo ya namna ya kutokufa. Nikamuuliza, watu walijuaje kwamba mara moja haitoshi? Mzee akanywa kahawa yake. Tuliupika kwa krimu. Nilimwachia mke wangu aonje kwanza, nikisema ni kwa kuheshimu mapishi yake, naye akanijibu kwamba bima ya maisha iko kwa jina langu, nianze mimi. Ni mtamu kweli.

Hata hivyo, ule si uyoga wa mvua za kwanza. Nasema hivi nikiwa nimeshiba. Wale akina mama wa Mafinga walioinua ndoo za uyoga barabarani, basi likisimama wanakimbilia madirishani, na ule udongo bado uko kwenye mashina; kondakta anapiga kelele twende, na abiria mmoja bado anasubiri chenji. Huku msituni kimya. Tunachuma wawili, tunaongea Kihehe kwa sauti kubwa ili dubu, kama yupo, ajue tumefika.

Baba aliuza ng'ombe ili nisishike jembe. Mwambieni ng'ombe hakupotea, nina vyeti. Mchana natengeneza kompyuta za halmashauri, mke wangu anauguza wazee, na jioni tunalima viazi, vitunguu na maharage kwa hiari yetu bila fimbo. Mwezi wa sita jua halitaki kuondoka. Saa nne usiku mke wangu bado anapalilia na mimi nakosa kisingizio cha giza. Kisha mwezi wa nane, viazi vikiwa ndiyo kwanza vinanenepa, redio inatangaza baridi ya usiku, na mtu mzima na digrii yake anatoka na mashuka kufunika maharage. Mavuno tunayaweka kwenye friza. Nje wakati wa baridi ni nyuzi 25 chini ya sifuri, sisi ndani tunalipia umeme ili vitu vigande. Nimeacha kuuliza.

Mmeuliza mtutumie nini. Mbegu za mnavu zisitumwe bila cheti cha afya ya mimea, na msizifiche kwenye soksi. Nyama ya kukausha na maziwa havipiti kabisa. Nanasi, ndizi, nazi na tende vinapita bila cheti. Na samaki, nimesoma kanuni yenyewe ya Umoja wa Ulaya mara mbili, anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa msafiri. Kwa hiyo Binamu akipata viza aache zile zawadi za vinyago. Alete dagaa wa Nyasa, waliokauka vizuri, na awafunge mifuko miwili, maana majirani hawa bado nawahitaji.